Ganda Linaloshika

Chukua risasi ya bastola iliyoundwa kwa mkono, ipime urefu kwa kalipa, kisha igeuze kichwa chini na uikandamize juu ya meza ya mbao mpaka dole gumba liume. Ipime tena. Urefu ukiwa uleule, aliyeiunda amefanya kazi yake. Ukipungua, kichwa kimezama ndani ya ganda, na risasi hiyo haistahili kuingia kwenye bastola ya mtu yeyote.

Jaribio hili halichukui hata nusu dakika, nalo hupima kitu kisichoonekana kwa jicho. Risasi mbili zaweza kulala pamoja mezani, zimeng'arishwa sawa, urefu mmoja, uzito mmoja, lakini moja imeshikwa barabara na nyingine imeegeshwa tu. Tofauti yao iko ndani, kwenye milimita nne au tano za ukuta wa shaba unaokumbatia ubavu wa kichwa. Mtu anayejaza maganda yake mwenyewe hutumia sehemu kubwa ya akili yake kwenye hizo milimita. Hatafuti sifa kwa mtu, maana hakuna atakayeziona. Mimi nauheshimu ufundi huu kwa sababu hiyo kabla ya nyingine zote.

Wenye ufundi huu ni watu wa Marekani. Wako watu wanaojaza maganda kwingineko duniani, lakini huko ndiko kazi hii ilikotoka kwa wawindaji wa mbugani waliobeba baruti na madini ya risasi kwenye mikoba yao, ikaingia gereji za nyumba za kawaida, kando ya mashine ya kukatia nyasi. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut, akauza kifaa chenye umbo la koleo ambacho kwacho mtu aliweza kufanya kazi yote akiwa ameketi kando ya moto. Mwaka 1943 Fred Huntington wa Oroville, California, alianza kutengeneza vifaa vya kufinyanga vichwa vya risasi, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa RCBS, jina ambalo hadi leo limeandikwa kwenye presi za kijani, yaani mashine za kuundia risasi, katika maelfu ya karakana za nyumbani. Msomaji wa Mombasa au wa Tabora atausoma ufundi huu kwa kuupenda tu, si kwa kuuiga: kwa sheria za Kenya na za Tanzania, kuunda risasi bila leseni ni kosa.

Hata hivyo kiini chake si kigeni kwetu. Wazee wa Unyamwezi waliowinda kwa gobori walikuwa na neno lake kamili, kushindilia. Baruti iliingia, kizibo kikafuata, kisha goroli, kisha kizibo kingine, na mchokoo ukashuka mpaka mkono ukaridhika. Asiyeshindilia vizuri alipata mlio bila nyama. Ganda la shaba lilipokuja lilimpokonya mpigaji uamuzi huo, likaukabidhi kwa kiwanda. Anayejaza mwenyewe ameurudisha mikononi mwake, pamoja na hatari yake yote.

Ganda lenyewe ni shaba njano: shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Mchanganyiko huu haukuchaguliwa kwa uzuri wa rangi. Baruti inapowaka, ukuta wa ganda hutanuka ukajibandika kwenye kuta za chemba, yaani tundu la bastola ambamo risasi hukaa ikipigwa, na kuziba gesi isirudi kwa mpigaji. Shinikizo likishuka, ukuta hujirudi kidogo, ndipo ganda likachomoka kwa urahisi. Madini yasiyo na mnepo yangenasa humo, na yaliyo magumu mno yangepasuka. Mnepo huohuo unaoliachilia ganda kutoka chemba ndio unaokishika kichwa kabla risasi haijapigwa. Tabia moja ya madini hufanya kazi mbili, na fundi ambaye hajaielewa atakuwa anabahatisha siku zote.

Ganda lililokwisha kutumika limetanuka. Kichwa kipya kingeingia humo kikicheza. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulirudisha umbo kwa kulisukuma ndani ya dai, kipande kizito cha chuma chenye tundu, na siku hizi kwa bastola tundu hilo huwa na pete ya kabaidi ya tangsteni, ngumu na laini kiasi kwamba ganda halihitaji kupakwa mafuta. Dai hulibana ganda likawa dogo kuliko inavyotakiwa. Hatua ya pili huingiza ndani ya mdomo wake kipande cha mviringo kinachoupanua kidogo, hadi kipimo fundi anachokitaka. Kipimo hicho ndicho moyo wa mambo yote. Desturi ya mafundi wengi ni kuliacha tundu la ganda likiwa dogo kuliko kichwa kwa elfu mbili au tatu za inchi, yaani kama milimita 0.05 hadi 0.08, ambao ni unene wa unywele mmoja. Kichwa cha milimita tisa ya Luger, risasi iliyozaliwa Ujerumani mwaka 1902 na leo kupigwa kila pembe ya dunia, kina kipenyo cha inchi 0.355. Kikisukumwa kwenye tundu lililo dogo kwa unywele, shaba hutanuka kukipisha, na kwa kuwa inataka kurudi ilikokuwa, inabaki imekikumbatia. Huo ndio mkazo, na hakuna gundi wala msumari unaousaidia.

Kazi ikifanyika sawa, ganda lenyewe hukuambia. Tazama risasi iliyokamilika dhidi ya mwanga wa dirisha: chini tu ya pale kitako cha kichwa kinapoishia, ukuta huingia ndani kidogo, ganda likapata kiuno. Wageni wa kazi hii hukiona kiuno hicho wakadhani ni kasoro. Ni kinyume chake. Ni ushahidi kwamba sehemu ya juu imetanushwa na kichwa na sehemu ya chini imebaki pale dai ilipoiacha. Ganda lililonyooka kabisa kutoka mdomoni hadi kitakoni linapaswa kumtia fundi wasiwasi.

Kuna jambo hapa ambalo watu huchelewa kulitambua. Dai hupima ganda kwa nje, ilhali kichwa hushikwa kwa ndani. Kati ya nje na ndani kuna unene wa ukuta, na unene huo hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Maganda mawili yaliyopita kwenye dai ileile hutoka na kipenyo kimoja cha nje, lakini lenye ukuta mwembamba litakuwa na tundu kubwa zaidi, na kichwa kitakaa humo bila kushikwa vya kutosha. Ndiyo maana wale wanaoipenda kazi hii hukaa jioni nzima wakisoma herufi ndogo zilizogongwa kwenye kitako cha kila ganda na kuyatenga kwa ukoo. Si ubahili wala si mchezo wa wazee. Ganda lisilojulikana lilikotoka lina ukuta usiojulikana.

Umri nao una neno. Shaba ikibanwa na kutanushwa mara nyingi huwa ngumu zaidi, na shaba ngumu hujirudi zaidi. Ganda kuukuu likitoka ndani ya dai hufunguka tena zaidi kidogo kuliko ganda jipya, kwa hiyo tundu lake ni kubwa, mkazo wake ni mdogo, na siku moja mdomo wake utapasuka ufa mwembamba usioonekana mpaka uusikie. Ndiyo, uusikie: tikisa maganda machache kwenye kiganja, na lililopasuka hutoa mlio mfu katikati ya milio hai ya wenzake. Nimemwona jirani yangu hapa Ohio, mzee aliyestaafu kiwandani, akiyachagua maganda kwa masikio huku akizungumza nami mambo mengine kabisa. Mkono wake uliacha kutikisa kabla sijasikia chochote. Alilitoa lile moja, akalitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, na mazungumzo yakaendelea.

Kabla ya kichwa kuingia, mdomo wa ganda lazima upanuliwe juu kabisa, kiasi tu cha kukipokea. Usipopanuliwa, ukingo wake hukwangua ubavu wa kichwa, na kama kichwa ni cha madini laini ya risasi, hukichonga, ganda likabaki limejaa vipande vidogo vya madini. Ukipanuliwa kupita kiasi, shaba huchoka upesi na mshiko wa juu hupotea. Kampuni ya Lyman hutengeneza dai inayoitwa M, ambayo badala ya kuupanua mdomo kwa mteremko kama tarumbeta huuwekea kidaraja kidogo kilichonyooka, kichwa kikasimama wima humo kabla ya kusukumwa. Naipenda dai hiyo kuliko zote. Kichwa kilichoanza safari kikiwa kimeinama huingia kimeinama, upande mmoja wa ganda ukavimba, na mkazo wake ukawa mkubwa huku na mdogo kule. Kikianza wima, fundi hupata ukumbatio ulio sawa pande zote, na usawa huo una thamani kuliko nguvu.

Halafu mkono hushusha wenzo wa presi. Hapa vitabu vyote hunyamaza, maana kinachopatikana hapa ni cha mwili. Kichwa kinapoingia kwenye ganda lenye mkazo mzuri, wenzo hukataa kidogo, kisha hukubali kwa mwendo mmoja, bila kurukaruka. Fundi aliyezoea huhisi ganda moja likipokea kwa urahisi mno, na hapo hapo hulitenga kando kabla akili yake haijasema lolote. Presi kubwa za kisasa zenye vituo vingi huunda mamia ya risasi kwa saa, na sina ugomvi nazo, lakini katika mzunguko wao kichwa kinasukumwa kituo kimoja wakati ganda jingine linabanwa kituo kingine, na mkono hupata habari zote kwa mchanganyiko. Presi ya kituo kimoja huuambia mkono jambo moja kwa wakati mmoja. Kwa anayejifunza, sioni pa kuanzia pengine.

Baada ya kichwa kukaa, kuna hatua ya mwisho ya kuubana mdomo, na juu ya hatua hii ndipo lilipojengwa kosa kubwa kuliko yote katika ufundi huu. Mtu huona kichwa kinacheza, akakaza dai ya mwisho zaidi. Kinacheza bado, akakaza tena. Anaamini kwamba kinachoshika ni kule kubana, na kwamba dawa ya ulegevu ni nguvu zaidi. Kwa bastola ya magazini mambo huwa kinyume kabisa: anavyozidi kubana ndivyo anavyozidi kulegeza.

Sababu yake ni tabia mbili za madini mawili. Fikiria tonge la udongo wa mfinyanzi lililozungushiwa pete ya ukindu uliosukwa. Ukilibana tonge pamoja na pete yake kwa vidole, vyote viwili hupungua. Ukiachia, ukindu hurudi ulikokuwa, lakini udongo hubaki ulivyobonyezwa, na kati yao pakawa na nafasi ambayo haikuwapo. Shaba ya ganda ni ule ukindu, na madini ya risasi yaliyo ndani ya kichwa ni ule udongo. Risasi haina mnepo wa kutajika. Ikibonyezwa imebonyea, hata ikiwa imevikwa koti jembamba la shaba nyekundu. Dai ya mwisho ikikazwa mno, mdomo wa ganda hukikata kichwa kiuno, kisha shaba hujirudi na kukiacha kimesimama peke yake ndani ya tundu lililopanuka. Fundi ametoka jasho kuuharibu mshiko aliokuwa nao dakika moja iliyopita.

Kwa hiyo kwenye milimita tisa na kwenye risasi ya .45 aliyoibuni John Browning, kazi ya dai ya mwisho ni ndogo na ya unyenyekevu: kuufuta ule upanuzi wa mdomo uliowekwa ili kichwa kiingie, basi. Mdomo unyooke, uguse kichwa, uishie hapo. Tena risasi hizi husimama ndani ya chemba kwa ukingo wa mdomo wake, na ukingo uliokunjwa kuingia ndani hauna tena pa kusimamia. Ganda laweza kupita mahali pake, likawa mbali na sindano ya kulipulia. Mshiko lazima uwe umekwisha kupatikana kule nyuma, kwenye dai ya kwanza na kwenye kile kipande kinachopanua. Kama haukupatikana huko, hapa hakuna wa kuuleta.

Kwa nini yote haya yajaliwe hivyo? Kwa sababu ndani ya bastola risasi haipumziki. Kwenye bastola ya magazini, kitasa kinapoisukuma mbele, pua ya kichwa hugonga mteremko wa chuma unaoelekea chemba, na pigo hilo hutaka kukisukuma kichwa kirudi ndani ya ganda. Kikirudi, nafasi ya baruti hupungua. Baruti isiyo na moshi huwaka upesi zaidi kadiri shinikizo linavyopanda, kwa hiyo nafasi ikipungua shinikizo hupanda, likiharakisha mwako, ambao hulipandisha shinikizo tena. Ganda la milimita tisa ni dogo, na shinikizo lake la juu kabisa kwa vipimo vya SAAMI, taasisi ya viwanda vya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926, ni pauni 35,000 kwa inchi mraba. La .45 ni 21,000 tu, na ganda lake ni pana. Ndiyo maana kuzama kidogo kwa kichwa hutisha zaidi kwenye milimita tisa. Hili haliwahusu wajazaji peke yao. Risasi ya kiwandani inayotolewa na kurudishwa chembani kila siku, kama wafanyavyo baadhi ya walinzi, hugongwa pua kila siku, na mwisho wake kichwa huanza kuzama. Atakayezilinganisha na risasi mpya ataziona fupi.

Kwenye rivolva hatari hugeuka upande wa pili. Risasi moja inapopigwa, bastola nzima hurudi nyuma kwa teke, na risasi zilizobaki kwenye silinda huvutwa nyuma pamoja nayo kwa vitako vyake. Vichwa vyake ni vizito na vinataka kubaki vilipo. Ganda likienda na kichwa kikikataa, kichwa huchomoza mbele kidogo kwa kila teke, mpaka pua yake itokeze nje ya silinda, na silinda ikagoma kuzunguka. Rivolva nyepesi za titani, kwa kuwa hurudi kwa kasi zaidi, huvivuta vichwa vibaya kuliko zile nzito za chuma.

Ganda la rivolva lina ukingo mpana kitakoni na husimama kwa ukingo huo, kwa hiyo mdomo wake una ruhusa ya kukunjwa. Elmer Keith, mchunga ng'ombe wa Idaho aliyekuwa mwandishi, alilijua jambo hili hadi mifupani. Alichora kichwa cha risasi cha kusubu chenye mfuo wa kina uliokusudiwa mdomo wa ganda ukunjiwe humo, kalibu ambayo Lyman waliiuza kwa namba 429421. Alijaza risasi zake za rivolva, .44 Special, kwa nguvu kuliko viwanda vilivyothubutu, na kwa miaka mingi alishikilia hoja kwamba viwanda navyo viuze .44 yenye nguvu hiyo, mpaka Smith & Wesson na Remington wakaitoa .44 Magnum mwishoni mwa 1955. Watu humkumbuka kwa nguvu za bastola zake. Mimi ningependa akumbukwe kwa ule mfuo. Hata hapo, mkunjo ni msaidizi: hufunga mlango ambao mkazo wa ukuta umekwisha kuushikilia. Ganda lililolegea lililokunjwa mdomo hushindwa baada ya teke chache tu.

Vichwa vya kusubu vina somo lao peke yao, na ni zito. Kichwa cha risasi tupu kinapaswa kuwa kikubwa kuliko mifuo ya kasiba kwa elfu moja au mbili za inchi, ili kijae kabisa na kuziba gesi. Kikiwa kidogo, gesi ya moto hupenya ubavuni, huyeyusha madini na kuyapaka ndani ya kasiba, na baada ya muda bastola iliyokuwa ikilenga vizuri inatawanya. Kwa hiyo fundi huijua kasiba yake kwa kusukuma ndani yake kipande cha risasi laini kutoka mwanzo hadi mwisho, akakipima kwa mikromita kilipotoka. Hapo ameipata namba ya kweli ya bastola ile, tofauti na namba ya kitabuni.

Sasa mtego uko hapa. Mtu huyo husubu vichwa vizuri vya inchi 0.357 kwa ajili ya milimita tisa, kisha huvisukuma ndani ya maganda yaliyoandaliwa kwa vichwa vya koti vya 0.355. Ganda la milimita tisa huwa nene kadiri unavyoshuka chini. Shaba ni ngumu, risasi ni laini, na kati ya hizo mbili ipi itampisha mwenzake? Ganda hukifinya kichwa hadi kikawa kidogo kuliko kasiba, na fundi, aliyepima kila kitu kabla, hushangaa kuona kasiba imepakwa madini. Hulaumu baruti, hulaumu mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, hubadilisha mafuta. Dawa ni kukichomoa kichwa kimoja kilichokwisha kukaa na kukipima tena. Kifaa chake ni nyundo ya plastiki yenye tundu: risasi hufungwa humo, nyundo hugongwa juu ya gogo, na kichwa hutoka kwa uzito wake mwenyewe. Kikitoka kimepungua, mkazo ulizidi, na kile kipande kinachopanua kinapaswa kuwa kinene na kirefu zaidi. Kwa hiyo ukumbatio una mpaka wa juu pia, na mpaka huo ni ugumu wa kile kinachokumbatiwa.

Mahali ambapo mambo haya yote hukutana ni Camp Perry, Ohio, ufukweni mwa Ziwa Erie, ambako mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Wapigaji wa bastola husimama kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni au kiunoni, wakilenga kutoka yadi 25 na yadi 50. Miongo mingi walipiga .38 Special, risasi ya mwisho wa karne ya 19 iliyorithi ganda refu kutoka enzi za baruti nyeusi, na kichwa walichokipenda kilikuwa kile chenye uso bapa, cha gramu 9.6 hivi, kinachotoboa karatasi tundu la mviringo safi lisilobishaniwa na mwamuzi. Smith & Wesson waliwahi kutengeneza bastola ya magazini, Model 52, kwa ajili ya risasi hiyo peke yake.

Kichwa hicho cha uso bapa hakitokezi nje hata kidogo. Huzama chote, uso wake ukawa sawa na mdomo wa ganda. Tena ni cha madini laini mno, na kitako chake kina shimo, ili gesi ikitanue kikajaa kwenye mifuo. Ukuta wa ganda la kawaida la .38, unaponenepa kuelekea chini, hukutana na sketi hiyo laini na kuibana, na sketi iliyobanwa haitanuki sawasawa. Viwanda viliwahi kutengeneza maganda ya pekee kwa kazi hii, yenye ukuta uliobaki mwembamba hadi chini zaidi. Mpigaji aliyebahatika kuwa nayo huyaokota moja moja kwenye nyasi, akayahesabu kabla hajaondoka uwanjani. Mkazo wake huwa mwepesi, kiasi tu cha kuipa baruti kizuizi cha kuwakia, maana teke la .38 hii ni dogo na kichwa hakina pua ya kugongwa. Mkazo unaofaa kwa .44 ya Keith ungeliharibu hili, na mkazo wa hili ungemfunga Keith silinda kabla hajamaliza risasi sita.

Kizuizi hicho cha mwako ndicho wapigaji wa Camp Perry wanachokitafuta wanapozungumza juu ya mkazo. Kichwa kimoja kikiachia mapema na kingine kikichelewa, baruti huwaka kwa namna mbili, kasi hutofautiana, na kwenye yadi 50 tofauti hiyo huandikwa karatasini. Kwenye yadi 25 haionekani. Kwa hiyo wengi wao huandaa risasi za aina mbili kwa siku moja ya mashindano. Za masafa mafupi huundwa kwa maganda ya mchanganyiko, yoyote yaliyo mazima. Za yadi 50 huundwa kwa maganda ya kiwanda kimoja, yaliyopigwa idadi moja ya mara, yaliyopanuliwa kwa kipande kimoja, na huwekwa kwenye sanduku lake peke yake, limeandikwa kwa kalamu kubwa juu ya kifuniko.